Nambari 4,294,967,297 si tasa, na kalamu inatosha kuthibitisha

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika safu hii kwamba watoto wetu hawana haja tena ya kugawanya kwa mkono, kwa kuwa simu huifanya kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua. Kuhusu hesabu za dukani sina ugomvi naye. Hata hivyo, hapa Kisumu, wanafunzi wangu wa sekondari wanapoanza kuidharau kalamu, huwaandikia ubaoni nambari 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ikiongezwa 1.

Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba nambari zote za ukoo huu, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo maradufu, ikiongezwa 1, ni tasa, maana tano za kwanza, 3, 5, 17, 257 na 65,537, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ya sita ndiyo hiyo ya ubaoni. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler aligundua kwamba inagawanyika kwa 641, na baadaye akathibitisha kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikitoa 1, lazima kinachosalia kigawanyike kwa 64. Kwa hiyo anayetafuta kwa mpango hujaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641, basi. Anayejaribu nambari tasa zote kwa zamu hugawanya mara 115 kabla ya kufika hapo.

Utamu wenyewe uko hapa. Nambari 640 ni 5 mara 2 kwa kipeo cha 7, nayo imepungua 641 kwa 1 tu, yaani katika kutafuta salio ni sawa na hasi 1. Kwa hiyo ukiizidisha yenyewe hadi kipeo cha 4, kisha ukagawanya kwa 641, husalia 1. Zao hilo ni 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Lakini 641 ni 625 kujumlisha 16, hivyo katika kutafuta salio tunaruhusiwa kuweka hasi 16 mahali pa 625, na 16 mara 2 kwa kipeo cha 28 ni 2 kwa kipeo cha 32. Hasi ya nambari hiyo basi husaliza 1, na ukiiongeza 1 nambari yenyewe, hakisalii kitu. Hatukugawanya popote! Simu itakupa 641 mara 6,700,417, na ni kweli, ila haitakwambia kwa nini.

Ombi langu ni kwamba ukurasa wenu wa watoto uchapishe ya saba katika ukoo huo, 18,446,744,073,709,551,617, ambayo kikokotoo cha shuleni hakina nafasi ya kuionyesha yote. Mfaransa Fortuné Landry aliipata vigawo vyake mwaka 1880. Wapeni wanafunzi kigawo chake kidogo, 274,177, waigawanye nambari hiyo kwacho kwa mkono, na jibu lichapishwe wiki inayofuata.

Mwalimu wa hisabati,
Kisumu