Tuige pia kilicho chini ya tailizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumze na wenzangu wanaojenga, hasa wa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, juu ya mtindo wa nyumba za Skandinavia ambao siku hizi umeingia katika michoro mingi ya nyumba zetu: sakafu ya mbao nyeupe, kuta zisizo na nakshi, na bafu la kijivu lenye kioo mahali pa pazia. Ninaishi Stockholm, na kazi inayonilisha ni kubomoa mabafu ya zamani na kujenga mapya. Ndugu na marafiki hunitumia picha mara kwa mara wakiniuliza wanunue tailizi za rangi gani. Swali hilo huulizwa mapema mno, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Nianze na mbao. Weupe wa sakafu za huku una sababu yake katika anga. Mwezi wa Desemba jua la Stockholm huzama kabla ya saa tisa alasiri, na urefu wa mchana mzima hauzidi muda wa saa sita na ushei, kwa hiyo mwanga mdogo unaopenya dirishani hauna budi kusaidiwa na sakafu na kuta ili ufike pembeni mwa chumba. Mbao zenyewe huwa za misonobari au mwaloni. Denmark wana desturi ya kuzipaka kwanza maji ya kostiki ili zisigeuke manjano, kisha kuziosha kwa sabuni tena na tena, mwaka baada ya mwaka, hadi sabuni ijae katika vinyweleo vya mbao na kuwa ndiyo kinga yake. Sakafu ya namna hiyo haing'ai, na mguu mtupu huifurahia. Hudumu kwa sababu hakuna anayeikanyaga kwa viatu. Viatu vyote hubaki mlangoni, desturi ambayo mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa na yeyote, kama vile asivyohitaji kufundishwa uzuri wa ukuta mweupe wa chokaa na chumba kisichojazwa vitu.

Lakini mbao hufuata hewa ya mahali zilipo. Nyumba za huku hupashwa joto majira yote ya baridi, na hewa ya ndani hukauka kiasi cha kuzifanya mbao zisinyae na kuacha nyufa. Waswidi wamehangaika na jambo hilo kwa muda mrefu: mwaka 1941 kampuni ya Kährs ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, ya ubao wa sakafu uliounganishwa kwa matabaka ili usijikunje, na mwaka 1977 kampuni ya Perstorp ikabuni sakafu ya lamineti, ambayo juu ni picha ya mbao iliyofunikwa kwa gamba gumu na chini ni ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa. Sakafu nyingi ambazo madukani kwetu huitwa za mbao ni hizi za lamineti. Chumbani, mahali pakavu, ni kitu kizuri na cha bei nafuu. Maji yakipenya katika maungio yake, ule ubao wa ndani hunywa maji, huvimba kingo, na haurudi tena ulivyokuwa. Na pwani yetu unyevu wa hewa hauna likizo, na mchwa, ambaye fundi wa Stockholm hamjui kabisa, hana msimu wa kupumzika.

Nilijifunza haya kwa hasara. Nyumba ya ghorofa moja niliyomjengea mama yangu ilikamilika mimi nikiwa huku, na kwa simu nilichagua kila rangi: lamineti ya rangi ya mwaloni mweupe katika chumba cha kulala cha juu, na tailizi kubwa za kijivu, sentimita 60 kwa 60, katika bafu lililo kando yake. Picha nilizotumiwa zilinifurahisha sana. Masika ya kwanza hayakuisha kabla dari ya jiko, lililo chini ya bafu, haijatoa madoa ya kahawia. Baadaye plasta ikaanza kumeguka, na mlangoni mwa chumba cha mama lamineti ikainuka kama mgongo wa samaki. Tulipofumua sakafu ya bafu tukakuta tailizi zimebandikwa juu ya zege tupu. Hapakuwa na utando wa kuzuia maji, na sakafu ilikuwa bapa, hivyo maji ya kuoga yalikuwa yakitafuta njia yoyote isipokuwa ile ya tundu la kutolea maji. Fundi hakuwa mwizi. Alifanya alichoombwa, nami nilikuwa nimemwomba rangi.

Huku Uswidi, bafu huanza kuchaguliwa chini. Nyumba nyingi za familia zina kiunzi cha mbao, na maji yakipenya nyuma ya ukuta huleta kuvu na kuozesha nguzo bila mtu kuona, kwa hiyo kanuni za ujenzi hazina mzaha katika jambo hili. Sakafu yote ya chumba cha maji, pamoja na kuta zinazorushiwa maji, hufunikwa kwa utando usiopitisha maji kabla ya tailizi ya kwanza kugusa gundi. Utando huo hupandishwa ukutani, huimarishwa kwa utepe katika kila pembe, na hubanwa ndani ya shingo ya tundu la maji kwa pete maalumu, kwa maana hapo ndipo uvujaji hupenda kuanzia. Mahali pa kuogea sakafu huinamishwa kuelekea kwenye tundu, kuanzia sentimita 1 kwa kila mita moja na nusu hadi sentimita 2 kwa mita. Kazi ikiisha, fundi aliyesomea kazi hiyo humpa mwenye nyumba hati ya kueleza vifaa alivyotumia na jinsi alivyovitumia. Tailizi na grauti, ile saruji laini inayoziba nafasi kati ya tailizi, ni vazi tu. Maji hupita taratibu kwenye grauti, na kila fundi wa huku hujenga akilijua hilo.

Kutokana na mwinamo huo hufuata jambo la urembo ambalo wengi hudhani ni mapenzi tu ya watu wa huku. Tailizi za sakafu ya bafu ni ndogo, za sentimita 10 au hata 5, kwa kuwa tailizi ndogo hufuata mteremko kutoka pande zote nne bila kukatwa-katwa, na mistari mingi ya grauti huupa mguu uliolowa mahali pa kushika. Tailizi kubwa zinazong'aa zinafaa ukutani. Kuziweka chini, mahali ambapo mzee anaoga kwa maji na sabuni, ni hatari, na ninasema hivi nikimfikiria mama yangu.

Yapo basi ya kuacha. Nyaya za kupasha sakafu joto, ambazo huku pia husaidia kuikausha, hazina kazi Dar es Salaam. Dirisha linalofunguka na upepo wa bahari vinatosha. Anayetaka mbao halisi chumbani atafute msaji (mti wa tiki) uliokaushwa vizuri. Unapandwa kwetu, Longuza wilayani Muheza, na huvumilia unyevu na mchwa kuliko msonobari wowote wa kuagizwa. Hata mafundi wa samani wa Denmark waliovuma katikati ya karne iliyopita waliupenda msaji, nao waliuagiza kutoka Asia. Asiyeumudu bei yake ana teraso, sakafu ya saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe, ya rangi hafifu, iliyosuguliwa bila kung'arishwa sana, ambayo kwa utulivu wake iko karibu na sakafu ya Kideni kuliko lamineti yenye picha ya mwaloni.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kurasa zako za makazi, zinapochapisha picha ya bafu zuri, zichapishe pia mchoro wa matabaka yaliyo chini yake. Na kwa msomaji ambaye fundi wake yuko kazini wiki hii: utando ukishapakwa na kukauka, mwombe azibe tundu, ajaze maji hadi yafunike sakafu yote ya bafu, ayaache usiku na mchana, kisha ukaitazame dari ya chumba cha chini. Kama ni kavu, mruhusu afungue boksi la tailizi.

Msomaji wako,
Stockholm, Uswidi