Tuambieni ghorofa ya mwisho iko wapi

Ndugu Mhariri,

Tangu mnara wa saa wa Beit al-Ajaib uporomoke Desemba 2020, kila nirudipo Unguja kwa boti jicho langu huutafuta na kuukosa. Jumba bado ni kubwa, lakini limekaa kama mzee aliyevuliwa kofia. Minara Miwili, lile kanisa la Mtakatifu Yosefu lenye ncha zake nyembamba, ndiyo sasa inayoonekana mirefu.

Hivyo ndivyo ncha inavyolidanganya jicho, na wajenzi wa maghorofa wanalijua hilo zamani. Mwaka 1929 kule New York, ncha ya chuma ya jengo la Chrysler iliunganishwa kwa siri ndani ya jengo, ikapandishwa ghafla, mshindani akapikuliwa. Burj Khalifa ya Dubai ina mita 828, ila zaidi ya 240 za juu hakai mtu. Kichekesho ni kwamba katika urefu rasmi ncha huhesabiwa, antena haihesabiwi! Willis Tower ya Chicago, mita 442 bila antena zake, ilipitwa na One World Trade Center yenye paa la mita 417 tu, kwa sababu mwaka 2013 mlingoti wa hiyo ya pili ulikubaliwa kuwa ncha. Ikaandikwa mita 541.

Nasi Fumba tumetangaziwa jengo la ghorofa 28, mita 96. Siupingi ujenzi. Ombi langu, mnapotuandikia urefu wa majengo, mtutajie pia ghorofa ya mwisho ya kukaa watu iko mita ngapi.

Msomaji wako,
Michenzani, Unguja