Pambano la wachawi Jumamosi
Habari zenu jamani. Jumamosi tunacheza pambano rasmi la wachawi, kwa kanuni za Dungeons & Dragons za 2024 (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu). Uchawi wa kupinga uchawi haufuti tena papo hapo: anayepingwa anarusha dadu ya pande 20 kupima ustahimilivu wa mwili wake. Akishindwa, uchawi wake unapotea ila nafasi yake ya uchawi (moja ya chache alizonazo) haihesabiwi kuwa imetumika. Nimeupenda sana utaratibu huu, haumvunji mtu moyo.

Mnaocheza wachawi wa mtindo wa ngao (uchawi wa kujikinga), angalieni: jibu la ghafla (tendo la nje ya zamu yako) ni moja tu mpaka zamu yako irudi. Ukishainua ngao kukwepa pigo, huwezi kupinga uchawi wa moto unaofuata.

Wapiganaji watainamiana kwanza. Nitumieni mitindo yenu kabla ya Ijumaa usiku tafadhali.