Pengo la misaada ya afya lisizibwe kwa mifuko ya maskini

Mhariri,

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, nimekuwa nikisikia hapa Busia, Uganda, hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu, kwamba njia ya kuziba pengo hilo ni wagonjwa kuchangia tena gharama katika vituo vya afya vya serikali. Napinga wazo hilo kwa nguvu zangu zote.

Ada za matibabu ziliondolewa katika vituo vya umma mwaka 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia za hospitali, na watu waliokuwa wakiugulia majumbani kwa kukosa fedha wakaanza kufika kutibiwa. Mwaka huohuo viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kwamba kila nchi itatenga angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya, ahadi ambayo Uganda haijaitimiza. Kwa hiyo huduma ikawa ya bure bila fedha za kuitosheleza, na kilichopungua kikawa kinatoka kwa mgonjwa. Mama mjamzito hatozwi chochote mlangoni, lakini mara nyingi huambiwa aje na glovu, wembe, pamba na karatasi ya plastiki ya kujifungulia. Mtoto hupimwa malaria bure, kisha mzazi akapewa kikaratasi aende duka la dawa.

Ada zikirudi, mwenye mshahara atalalamika, lakini atalipa. Kibarua anayebeba mizigo mpakani, au bibi anayelea wajukuu yatima, huuza kuku, kisha mbuzi, na asipokuwa na kitu cha kuuza mtoto hubaki nyumbani mpaka homa imzidi, ndipo afikishwe hospitali akihitaji kuongezewa damu, matibabu yanayoigharimu serikali yenyewe zaidi ya vile vidonge vya malaria vya siku tatu ambavyo vingemponya mapema. Nani hapo ameokoa fedha?

Kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa fedha za Marekani ndizo zilizolipa mishahara ya wahudumu wengi wa kliniki zao. Baada ya kusitishwa kwake, Wizara ya Afya iliagiza kliniki hizo ziunganishwe na huduma za wagonjwa wa kawaida. Sipingi kuunganisha, na huenda kukapunguza unyanyapaa. Lakini bila wauguzi wa kutosha, mtu anayetegemea dawa hizo maisha yake yote atapoteza kibarua cha siku nzima akisubiri kwenye foleni, na kuna watakaoacha.

Njia nyingine ipo, na Bunge lilikwisha kuianza. Tarehe 31 Machi 2021 lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa. Rais hakuutia saini, ukarudishwa. Majirani zetu wa Rwanda wana bima ya jamii ambayo serikali huwalipia kaya zilizo maskini kabisa. Nawaomba wabunge wetu waulete tena Bungeni muswada huo ukiwa na kifungu cha wazi kwamba kaya za namna hiyo zitalipiwa na hazina ya taifa, na kabla bajeti haijasomwa Juni, kamati ya afya iwaeleze wananchi ni kiasi gani cha fedha zilizoondolewa serikali itakibeba, na kwa huduma zipi.

Mkazi wa Busia