Nadharia ya michezo: mwanafunzi ajue nani anasogea na nani amesimama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanafunzi wa shahada ya kwanza ya uchumi, pamoja na walimu wao wa semina, kuhusu nadharia ya michezo, yaani somo la maamuzi ambamo matokeo ya kila mhusika (mchezaji) yanategemea pia uamuzi wa mwenzake. Wengi huliogopa somo hili wakidhani lina hisabati nzito, kumbe ngazi ya utangulizi haidai zaidi ya milinganyo miwili na kalkulasi kidogo. Kinachowaangusha ni kulisahau swali lenyewe la msawazo ambao mwanahisabati John Nash aliueleza mwaka 1950: je, mchezaji akibadili mkakati peke yake, mwenzake akibaki palepale, atapata zaidi? Jibu likiwa hapana kwa kila mchezaji, huo ndio msawazo.

Tuanze na jedwali la watuhumiwa wawili. Wote wakinyamaza, kila mmoja anafungwa mwaka 1; wote wakikiri, miaka 5; akikiri mmoja tu, yeye anaachiwa na mwenzake anafungwa 10. Kuna wanaoandika 1, 5 na 10 bila alama ya kutoa, kisha wakatafuta namba kubwa, na jibu lote likapinduka. Andika −1, −5, −10 na 0 katika jedwali ambalo mtuhumiwa mmoja anachagua safu mlalo na mwenzake safu wima. Halafu ziba kwa karatasi safu wima zote isipokuwa moja. Kwa kufanya hivyo umemsimamisha mchezaji anayechagua safu wima. Pigia mstari malipo makubwa kuliko yote ya mwenzake katika safu iliyobaki wazi, kisha hamia safu inayofuata. Ukimaliza, ziba safu mlalo umshughulikie mchezaji wa pili. Chumba cha jedwali chenye mistari miwili ndicho msawazo, na jibu linaandikwa (Kiri, Kiri), si (−5, −5), kwa sababu msawazo ni mikakati, si malipo.

Mtego mkubwa zaidi umo katika mfano wa mwaka 1838 wa Cournot, Mfaransa aliyechunguza kampuni zinazoshindana kwa kuchagua kiasi cha kuzalisha. Kampuni mbili zinauza bidhaa ileile. Bei ni 120 ukitoa jumla ya uzalishaji, na gharama ya kila kipande ni 30. Tuite uzalishaji wa kampuni ya kwanza q1 na wa pili q2; faida ya kampuni ya kwanza ni (90 − q1 − q2) × q1. Ishike q2 kama namba isiyobadilika, tafuta kilele cha faida, utapata jibu bora la kampuni hiyo: q1 = (90 − q2)/2. Fanya vivyo hivyo kwa kampuni ya pili, kisha tatua milinganyo yote miwili: kila kampuni inazalisha 30, bei ni 60, faida 900 kwa kila moja.

Mwanafunzi mwenye haraka huona kampuni zinafanana, akaandika q1 = q2 tangu mwanzo. Faida inakuwa (90 − 2q) × q, na kilele chake ni 22.5. Hesabu haina kosa, ila amejibu swali jingine: kampuni zikila njama zizalishe kiasi gani? Amezisogeza zote mbili kwa pamoja. Ajaribu jibu lake: mwenzake akibaki kwenye 22.5, kampuni inayohamia 33.75 inapata faida ya takriban 1,139 badala ya 1,012.5. Kwa hiyo 22.5 si msawazo. Usawa wa q1 na q2 uingizwe baada ya kupata jibu bora, kamwe si kabla.

Mikakati ya kuchanganya, yaani kuchagua kwa bahati nasibu kwa uwezekano maalumu, inaeleweka vizuri kwa penalti. Tuseme mpigaji akipiga kushoto anafunga mara 50 kati ya 100 kipa akiruka upande huohuo, na 90 kipa akikosea. Akipiga kulia anafunga 60 kipa akipatia, 80 akikosea. Uwezekano wa mpigaji kupiga kushoto, p, hautafutwi kwa kulinganisha faida zake mwenyewe; tafuta p inayomfanya kipa asione tofauti kati ya pande mbili: 80 − 30p = 60 + 30p, yaani p = 1/3. Sasa badili ile 90 iwe 100. Mpigaji ameimarika kushoto, lakini p inashuka hadi 2/7, kwa kuwa kipa naye anauchunga zaidi upande huo. Ninaupenda sana mfano huu, maana hakuna anayeukisia bila kukokotoa.

Kwenye mti wa mchezo, yaani mchoro wa mchezo ambao wachezaji wanaamua kwa zamu, mkakati ni mpango kamili: mwenye vituo viwili vya kuamua, kila kimoja kikiwa na chaguo mbili, ana mikakati 4, si 2, hata kama kituo kimoja hakitafikiwa. Kuutatua, anza na uamuzi wa mwisho, kisha rudi nyuma hadi wa kwanza.

Ombi langu kwa walimu wa semina ni kwamba kila jibu la msawazo lidaiwe mstari mmoja wa ziada unaoonyesha malipo ya mchezaji akihama peke yake, na mstari huo uwe na alama zake katika mtihani.

Mwalimu wa uchumi,
Dar es Salaam