Vifaa vya kuwasaidia wazee vifike pia kwenye nyumba za Lamu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa Lamu bado halijapewa uzito unaostahili, nalo ni vifaa vya kisasa vinavyomwezesha mzee kuendelea kuishi nyumbani kwake na kujitegemea kwa kadiri nguvu zake zinavyomruhusu.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima na wanapata matunzo na usaidizi unaofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali yenyewe. Msaada ambao wengi wao wanaujua ni shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, kila mwezi. Fedha hizo zina manufaa makubwa, wala sizibezi, ila mzee akishanunua unga na dawa, hakuna kinachobaki cha kuifanya nyumba yake iwe salama.

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, ambao UNESCO iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, ni za ghorofa, na ngazi zake za mawe ni nyembamba, vipandio vyake havilingani na mara nyingi hazina pa kushika. Mzee anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri ili atawadhe hushuka akipapasa ukuta kwa kiganja, huku akitafuta kipandio kwa ncha ya mguu, kwa kuwa swichi iko mbali au umeme umekatika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni watu waliopita umri wa miaka 60. Ipo taa ndogo ya betri inayojiwasha mtu apitapo na kujizima akishapita, ambayo hubandikwa ukutani bila kutoboa, na familia nyingi zinaweza kuimudu. Mbao ya kushikia nayo haiwezi kuwashinda maseremala wetu wanaochonga milango inayosifiwa kote pwani; kinachohitajika ni ushauri wa watu wa Makumbusho ya Taifa, wanaotunza Mji wa Kale, kuhusu namna ya kuifunga bila kuharibu kuta za matumbawe.

Jambo la pili ni dharura. Vijana wengi wako Mombasa, Nairobi au Ghuba, na wazazi wamebaki peke yao. Kuna saa za mkononi zinazotambua kishindo cha mtu kuanguka na kupiga simu zenyewe iwapo mvaaji hajatikisika, na kuna vitufe vya kuvaa shingoni ambavyo mzee hubonyeza anapohitaji msaada. Hata hivyo vifaa hivyo vimebuniwa kwa miji ambayo gari la wagonjwa hufika mlangoni, ilhali vichochoro vya mtaa wetu wa Mkomani ni vya miguu na punda, na mgonjwa wa Faza au Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, husubiri boti. Kwa hiyo simu ya kwanza inafaa ilie kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, kisha ndipo imfikie mtoto aliye mbali, ambaye hata akiipokea papo hapo hana la kufanya ila kumpigia jirani huyo huyo.

Vile vile, kisanduku kinachomkumbusha mzee dawa zake za presha na sukari hakitamfaa kikimsemesha Kiingereza. Wauzaji na wafadhili wadai sauti ya Kiswahili tangu mwanzo.

Kuhusu kamera za kumwangalia mzee akiwa chumbani, napinga waziwazi. Mama aliyejisitiri maisha yake yote hastahili kutazamwa na wanawe kwenye simu bila ridhaa yake, hata kama nia yao ni njema. Aulizwe kwanza, na akikataa, neno lake liheshimiwe.

Wapo wanaosema kwamba kumwekea mzazi mashine ni kumtupa. Nawaelewa, lakini wawatazame mabinti walioachiwa ulezi peke yao, wasiolala usiku kwa hofu ya ngazi. Kifaa kikimpunguzia binti huyo wasiwasi, atakuwa na nafasi ya kukaa na mamake wakazungumza.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha aina hii, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Naiomba serikali ya kaunti itenge fungu la vifaa hivi katika bajeti ijayo, iwafunze wahudumu wa afya wa jamii kukagua ngazi na taa wanapotembelea nyumba, na iwafundishe vijana wetu kuvitengeneza vikiharibika. Vikao vya kukusanya maoni kuhusu bajeti hiyo vifanyike mitaani, mahali pasipo ngazi, ili wazee wenyewe waje waseme wanataka nini.

Wako mtiifu,
Msomaji wa Mkomani, Lamu