Malalamiko kuhusu breki mlizofunga kwenye Hilux Vigo yangu

Kwa meneja wa gereji na duka la spea,

Habari za kazi ndugu meneja. Naandika kuhusu Hilux Vigo yangu, ile dabo kebini nyeupe mliyoinyanyua na kuifunga breki mpya kwa shilingi 2,850,000, risiti ya EFD ninayo. Nimeshapiga simu sana, kila nikipiga napokelewa na mtu mwingine na kila mtu ananiambia nisubiri fundi mkuu atanicheki, sasa nimeona niandike kabisa isije ikasemwa sikuwaambia.

Hii gari inabeba nyanya kutoka Ilula kuja Dar. Anayeijua hiyo njia anajua ukishatoka Ilula kinachokusubiri ni Kitonga, mteremko mrefu wa kona kali, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, na mbele yako semi zinatambaa. Pale kaunta niliwaambia wazi nataka breki za kushukia Kitonga na mzigo, sikuja kutafuta urembo. Mkaniuzia diski za mbele zenye matundu, pedi mlizosema za kazi nzito, hozi za kusuka chuma, na mkaniambia mafuta ya breki ya zamani mmemwaga yote mmeweka DOT 4. Siku hiyohiyo mkainyanyua bodi ikae juu zaidi, mkaongeza majani kwenye springi za nyuma na mbele mkaweka koili ndefu.

Safari ya kwanza na mzigo nashuka Kitonga na gia namba mbili, taratibu kabisa, katikati ya mteremko usukani ukaanza kutetemeka, harufu ya pedi kuungua ikajaa ndani, alafu pedeli ikaanza kuzama, nakanyaga inaenda mpaka karibu na sakafu, nikipampu ndo inashika kidogo. Nikaingiza namba moja injini ikalia, nikavuta hendibreki, Mungu akasaidia nikapata sehemu pana pembeni na utingo wangu akaruka kuweka jiwe. Nyuma yangu kulikuwa na basi limejaa watu. Naomba hapo msome mara mbili jamani.

Diski za mbele zilikuwa zimegeuka bluu na kwenye matundu kuna nyufa. Dramu za nyuma? Nilizigusa kwa mkono, vuguvugu tu. Yaani mzigo wote uko nyuma lakini breki za nyuma hazikufanya kazi ya maana, kila kitu kimebebwa na mbele.

Fundi niliyemwita kutoka Iringa hakuchukua muda kuona tatizo. Juu ya ekseli ya nyuma kuna ile valvu ya kugawa presha, ina kifimbo kinachoungana na ekseli. Gari ikibeba, bodi inashuka, kifimbo kinasogea na valvu inaruhusu presha zaidi iende nyuma, gari ikiwa tupu inaibana ili tairi za nyuma zisijam. Nyie mkanyanyua bodi, kifimbo mkakiacha vilevile! Kwa hiyo hata nikijaza matenga mpaka juu, valvu inajua gari haina kitu. Mtu anayenyanyua pikapu kila siku hilo lazima alijue, ndo kazi yake.

Akafungua sehemu ya kutolea upepo nyuma, yakatoka mafuta meusi kama kahawa. Hayo sio mapya. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ila mafuta ya breki yananyonya unyevu, na DOT 3 ya zamani iliyolowa inaweza kuchemka kwenye 140 tu, na pale Kitonga 140 inafika bila shida. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unakandamizika, ndo maana pedeli ilizama. Pedi nazo tumezigeuza kila upande, hamna jina la kiwanda wala zile herufi mbili kama FF au GG ambazo ya pili inaonyesha pedi inashikaje ikipata moto. Ni rangi nyekundu tu.

Kijana wenu kwenye simu akanijibu Kitonga inaunguza breki za kila mtu na waranti haihusu gari ya mzigo. Sasa mlipopokea hela mlikuwa hamjui ni ya mzigo, na mimi nimewaambia kwa mdomo wangu?

Ninachotaka ni hiki, mnirudishie hela ya diski na pedi, mmwage mafuta yote kwenye magurudumu yote manne nikiwa nimesimama hapo naangalia, na hiyo valvu mwirekebishe iendane na urefu mpya wa gari, kwa gharama yenu. Na zaidi ya hela yangu, wapigieni simu wote mliowanyanyulia pikapu, wengine wanashuka Sekenke, wengine wanapanda na kushuka Lushoto na familia ndani, hawajui kama breki zao za nyuma hazifanyi kazi inavyotakiwa.

Mkikaa kimya nitaenda FCC, Tume ya Ushindani, na pedi nitazipeleka TBS, Shirika la Viwango, zote nimezitunza kwenye boksi lenu pamoja na picha za diski. Gari imepaki Ilula, haitembei, na nyanya za watu zinaozea shambani. Nasubiri simu ya meneja mwenyewe kabla ya Ijumaa.